"Read the riot act": karipio lililoanza kama sheria

Magazeti ya Kiingereza ya hapa Afrika Mashariki huupenda sana msemo huu. Waziri akiwabana watendaji wake, au kocha akiwafokea wachezaji baada ya kufungwa, utasoma kwamba amewasomea "riot act". Maana yake inaeleweka: amewapa onyo la mwisho, wajirekebishe au wakione cha moto. Sisi wanasheria tunaujua kwa sura nyingine. Riot Act, yaani Sheria ya Ghasia, ilikuwa sheria kweli, na ilisomwa kweli, kwa sauti, mbele ya umati.

Mwaka 1714 George wa Kwanza alitoka Hanover, Ujerumani, kurithi kiti cha ufalme wa Uingereza. Wengi hawakumtaka. Ghasia zikazuka mji baada ya mji, na nyumba za ibada za Waprotestanti waliojitenga na kanisa la dola zikavunjwa. Bunge likatunga sheria, ikaanza kutumika 1 Agosti 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu, sherifu au meya alitakiwa awasogelee, aamuru kimya, kisha asome maneno yaliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Mtukufu Mfalme wetu anawaagiza na kuwaamuru watu wote waliokusanyika watawanyike mara moja, waende kwa amani majumbani mwao au kwenye shughuli zao halali, la sivyo watapata adhabu zilizowekwa katika sheria ya mwaka wa kwanza wa Mfalme George ya kuzuia ghasia na mikusanyiko ya fujo. Mungu amlinde Mfalme."

Basi, ni hayo tu. Hamna tusi wala ukali wa sauti. Uzito ulikuwa kwenye saa: tangu kusomwa, watu walikuwa na saa moja ya kuondoka. Aliyebaki baada ya hapo alistahili kunyongwa, na adhabu hiyo ya kifo ilidumu hadi 1837. Na kama mtu angeuawa wakati wa kuwatawanya, waliomuua hawakushtakiwa.

Kwa kuwa roho za watu zilitegemea maneno hayo, majaji waliyashika neno kwa neno. Katika kesi ya Child ya mwaka 1830, msomaji alikuwa ameacha yale maneno ya mwisho, "Mungu amlinde Mfalme". Mahakama ikasema ilani hiyo si halali, na washtakiwa hawawezi kutiwa hatiani kwa kubaki pale zaidi ya saa moja. Kesi hii naipenda mno, kwa sababu inaonyesha kwamba usomaji ulikuwa pia haki ya yule aliyesomewa. Umati nao ulijua nguvu ya karatasi ile. Glasgow, Uskoti, 31 Januari 1919, wafanyakazi waliokuwa wakidai saa za kazi zipunguzwe walimnyang'anya sherifu karatasi mikononi akiwa anaisoma.

Uingereza iliifuta kabisa mwaka 1973. Kwetu mzao wake yu hai. Fungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania au ya Kenya, sehemu ya mikusanyiko isiyo halali, utaikuta idadi ileile ya watu 12, na ofisa mwenye mamlaka ya kutoa ilani kwa jina la Rais. Kinga ya wanaotumia nguvu kuwatawanya watu nayo imo, mradi nguvu hiyo iwe ya lazima. Vilivyoachwa ni viwili: maneno maalumu, kwani ofisa hutoa ilani kwa namna aonayo inafaa, na ile saa moja, ambayo mahali pake pamewekwa "muda unaofaa".

Kwangu mimi hasara kubwa ni saa. Kwa saa nzima mama anaweza kumtafuta mwanawe ndani ya umati na kuondoka naye, na mwenye duka akafunga milango. "Muda unaofaa" haujulikani pale barabarani. Hupimwa baadaye mahakamani, mtu akiwa tayari ameumia, huku mawakili wakibishana kama dakika kumi zilitosha.