Kabla Hujakodi Chumba cha Darini Lamu

Kazi yangu ni kutengeneza nyumba za mawe, na watu huniomba niwaangalizie chumba kabla hawajatoa pesa. Wengi hutaka kile cha darini, juu kabisa, chenye kuta fupi na paa la makuti, upepo wa bahari ukipita. Wakisikia bei ni nafuu hutaka kulipa papo hapo. Mimi huwaomba wangoje, kwa sababu anayekodi darini anakodi paa.

Ingia adhuhuri, simama katikati, tazama juu. Ukiona vitone vya mwanga, maji ya masika yatapita hapo hapo. Shida ni kwamba wengi hukodi Januari, kaskazi inavuma na kila kitu ni kikavu, ilhali mvua kubwa hushika Aprili. Basi tafuta michirizi kwenye pau na fito na madoa ukutani, hasa upande unaopigwa na kusi. Uliza paa liliezekwa lini. Makuti huoza baada ya miaka michache hata yakiwa yamebanwa vizuri, na kuezeka upya si gharama ndogo.

Kisha teremka, piga hodi kwa wanaokaa chini, uombe kuangalia boriti. Sakafu utakayolalia imebebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa kwenye kuta za matumbawe, na urefu wa boriti hizo ndio uliofanya vyumba vyetu viwe vyembamba, mita 3 hivi au pungufu. Boriti huanza kuoza nchani, pale inapoingia ukutani, penye unyevu na mchwa. Gonga hapo kwa kipini cha kisu: nzima hulia kavu, mbovu hutoa mlio mzito usio na nguvu. Nikikuta saruji imepigwa juu ya chokaa ya zamani, wasiwasi wangu huzidi. Chokaa huacha unyevu utoke; saruji huufungia ndani, ukaila boriti kimyakimya.

Na tanki liko wapi? Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Likiwa limekaa katikati ya boriti na si juu ya ukuta mnene, sikubali mtu alale chini yake hata akipewa bure.

Wageni aghalabu hawaambiwi kuhusu stara. Ukiwa juu unaona ua wa jirani, ambako wanawake wamekaa kwa raha zao bila buibui. Ukingo ukiwa mfupi, mwombe mwenye nyumba aweke kizuizi cha makuti kabla hujahamia. Ukipanda na fundi wa kiume, majirani wajulishwe kwanza. Hili ni kubwa kuliko kodi. Nimeona watu wakihamishwa kwa sababu yake.

Halafu andikianeni. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi inahusu nyumba za makazi zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na chumba kizuri cha mtaa wa Mkomani hapa Lamu si rahisi kupatikana kwa bei hiyo, kwa hiyo karatasi yenu ndiyo kinga yako. Itaje nani ataezeka, tokeni za stima mtagawanaje, na pampu ya maji inalipiwa na nani. Kutoboa kuta na kubomoa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, usifikirie: Mji Mkongwe wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Jiko la makaa nalo lisiwashwe chini ya makuti.

Kitanda nunua mwisho, baada ya kupima ngazi. Nyingi ni nyembamba na zina kona kali, kwa hiyo chagua cha kufunguka vipande vipande.