Hekta nyingi hazimaanishi kasi kubwa

Wengi tunaamini kwamba nchi inayopoteza hekta nyingi zaidi za misitu ndiyo inayoimaliza kwa kasi zaidi. Ni rahisi kuamini hivyo, maana namba kubwa ndiyo hutangulia kuonekana.

Chukua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Tanzania, kati ya 2010 na 2020. Kongo ilipoteza takriban hekta milioni 1.1 kila mwaka. Tanzania kama 420,000. Lakini Kongo ilianza na hekta zipatazo milioni 137, Tanzania milioni 50. Ukigawanya, kila moja ilipoteza karibu asilimia 8 ya misitu yake kwa miaka hiyo kumi. Kwetu tunaopita kila siku kando ya magunia ya mkaa yaliyopangwa barabarani, hilo linauma.

Ukikutana na ulinganisho, tafuta kwanza ukubwa wa misitu katika mwaka wa kuanzia, kisha uangalie neno “msitu” limepewa maana gani. Misitu ya miombo hupukutisha majani kiangazi, na picha za satelaiti zinaweza kuihesabu pungufu. Takwimu nyingine hujumlisha misonobari iliyopandwa, na msitu wa asili uliofyekwa ukafichika humo.