Clathromorphum nereostratum: mwani unaojenga mwamba

Aliyezoea kuona mwani ukianikwa kwenye kamba hatakubali haraka kwamba na huu ni mwani. Clathromorphum nereostratum hauna majani wala hauyumbi na maji. Ni mwani mwekundu uliogandia jiwe la chini ya bahari kama ukoko wa wali, rangi yake ya waridi, na kwa ukucha huukwaruzi.

Ugumu huo ni chokaa. Seli zake hujijengea kuta za kalsiamu kaboneti yenye magnesiamu nyingi. Kilicho hai ni utando mwembamba wa juu. Chini yake ni chokaa ya miaka iliyopita. Kila mwaka huongezeka tabaka moja, lisilofika hata nusu milimita, na bado katika visiwa vya Aleutian huko Alaska, ndiko kwao, kuna mahali ukoko huu una unene wa karibu nusu mita. Piga hesabu mwenyewe ni karne ngapi hizo.

Jamii yake ni kubwa. Hata kwenye miamba ya pwani ya Afrika Mashariki wapo ndugu zake, yale mabaka ya waridi juu ya matumbawe yaliyokufa, na vibuu vya matumbawe hupenda kutua hapo.

Adui wa huyu wa Alaska ni urchini, yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba ambaye ukimkanyaga siku yako imeharibika. Ana meno matano, na huyatumia kukwangua chokaa. Anayemdhibiti kwa kumla ni fisi maji wa baharini, mnyama mwenye manyoya aishiye majini, aliyewindwa kwa ajili ya ngozi mpaka akakaribia kwisha, akalindwa kwa mkataba wa mwaka 1911, akaongezeka, kisha akapungua tena kuanzia miaka ya 1990. Fisi maji wakiadimika, urchini hujaa, humaliza misitu ya mwani mkubwa wa kahawia, halafu huugeukia ukoko wenyewe. Kata kipande wima, ukiweke chini ya hadubini: makovu ya meno hayo yamo ndani, yamefunikwa na matabaka ya miaka iliyofuata.

Zamani kidonda kilipona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulionyesha kwamba joto na tindikali ya bahari vinaidhoofisha chokaa hiyo, hivyo urchini anang'oa zaidi ya alivyoweza katika maji ya kabla ya enzi ya viwanda. Kuwarudisha fisi maji kungeupa mwani nafuu ya muda, tindikali hawaiwezi.