Madhara ya kiakili ya dawa za ADHD ni nini?

Mtu mwenye ADHD hushindwa kutulia au kushika jambo moja hadi mwisho. Dawa zake zinazotumika zaidi ni vichangamshi: methilfenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, na jamii ya amfetamini. Huongeza kemikali za dopamini na noradrenalini katika ubongo, na umakini ukarudi. Kathinoni iliyo kwenye miraa ni ndugu wa amfetamini, kwa hiyo aliyewahi kukaa na mtu aliyekesha akitafuna ana picha kidogo ya habari hii.

Madhara ya kiakili ni yale yanayogusa usingizi, hisia na fikra. Mengi ni madogo. Usingizi unagoma, wasiwasi unaingia, mtoto analialia bila sababu. Mwingine anazubaa, hacheki wala hachezi, na mwalimu anasifu kwamba sasa ametulia! Mara nyingi hiyo ni dalili kuwa dozi imezidi.

Hasira za jioni ni jambo jingine. Mtoto aliyeshinda vizuri shuleni anarudi nyumbani na kulipuka kwa kitu kidogo, kwa sababu dawa inaisha nguvu mwilini. Ndiyo maana daktari huuliza saa ya tukio: kuzubaa saa nne asubuhi na kulipuka saa kumi na moja jioni havitibiwi kwa njia moja.

Lililo adimu, na linalotisha, ni saikosisi: kuona maruweruwe, kusikia sauti, kudhani watu wanakufuatilia. Katika taarifa za watoto zilizochapishwa na wataalamu wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2009, wengi waliona au kuhisi wadudu, nyoka au minyoo. Utafiti wa mwaka 2019 kwa Wamarekani wa miaka 13 hadi 25 ulikuta saikosisi kwa takriban mtu 1 kati ya 660 walioanza dawa hizi, na kwa amfetamini ilikuwa kama mara mbili ya methilfenideti. Haukuwalinganisha na wasiotumia dawa, kwa hiyo si haki kuitwisha dawa kila tukio.

Kabla ya kuanza, mwambie daktari kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua saikosisi au baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi). Maruweruwe yakianza, mpigie siku hiyohiyo, usingoje kliniki ya mwezi ujao wala usikimbilie kwanza kutafuta aliyemroga mtoto. Kwa kawaida dawa husimamishwa, na mara nyingi maruweruwe hutoweka ndani ya siku chache.