Rais wa wanafunzi hapunguzi ada

Kila msimu wa kampeni vyuoni, Unguja hata Pemba, ahadi ni ileile: nichagueni, ada itashuka na bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, litaongezwa. Wengi huamini rais wa wanafunzi ana uwezo huo. Hana. Ada hupitishwa na vyombo vya juu vya chuo. Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar au ile ya Muungano.

Anachoweza ni kufuatilia, na hilo si dogo hata kidogo. Bumu likichelewa, huenda mwanafunzi hajasaini malipo au matokeo yake hayajafika bodi. Kiongozi makini hukusanya majina na namba za usajili, huyapeleka kwa ofisa mikopo na kurudi na jibu la kila mmoja.

Kwa hiyo soma kwanza kifungu cha mamlaka ya rais katika katiba ya jumuiya yenu ya wanafunzi. Kwenye mdahalo muulize mgombea: michango yetu utaigawa vipi, nani atakagua, taarifa utaibandika lini? Akijibu "tutaangalia", mbane ataje kiasi na tarehe.