Acheni kuisingizia damu nzito

Nimeletewa tena, na safari hii si na mgonjwa bali na daktari mwenzangu, kwenye karatasi ya rufaa: "Alipata preeklampsia mimba iliyopita. Apimwe magonjwa ya kurithi ya kuganda damu, aanzishiwe heparini." Preeklampsia ni ile presha ya mimba inayoharibu figo na viungo vingine; heparini ni sindano ya kuzuia damu isigande. Mama mwenyewe kaja ameshaambiwa kwamba damu yake nzito, yaani inayoganda kirahisi, ndiyo iliyompandisha presha. Basi naandika hapa, ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Magonjwa yenyewe yapo, na nayaheshimu. Fakta V Leiden na mabadiliko ya jeni ya prothrombini, kasoro mbili za jeni zinazofanya damu igande kirahisi; na upungufu wa protini C, protini S na antithrombini, ambazo kazi yake ni kuizuia isigande ovyo. Mimba peke yake inaongeza hatari ya bonge la damu mguuni au kwenye mapafu mara nne hadi tano. Weka juu yake mojawapo ya hayo, hatari inapanda zaidi, na wiki 6 za baada ya kujifungua ndizo za kuogopa kuliko zote. Mwenye upungufu wa antithrombini aliyewahi kuganda damu simwachi apite mimba nzima bila sindano ya heparini. Hapo hatubishani. Tunabishania presha.

Dhana hii haikuzuka hewani. Ukilikagua kondo la nyuma la mama aliyepata preeklampsia kali, mara nyingi unakuta sehemu zilizokufa kwa kukosa damu, na mabonge ndani ya mishipa. Nani asingefikiria kuganda? Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walipima wanawake waliopata preeklampsia kali ya mapema, wakakuta karibu robo wana protini S pungufu. Mwaka 1999 Waisraeli wakatangaza kwamba 52% ya wanawake waliopata matatizo makubwa ya mimba walikuwa na jeni za kugandisha damu, dhidi ya 17% ya wenzao waliojifungua salama. Dunia nzima ikaanza kupima na kudunga.

Shida ni kwamba tafiti hizo zilianza na walioumia, zikarudi nyuma kutafuta sababu. Walipokuja wengine wakapima wanawake wengi mapema, kisha wakasubiri kuona nani atapata presha, uhusiano wa fakta V Leiden na prothrombini na preeklampsia ukanywea mpaka ukawa hauonekani.

Ukifuata ugonjwa unavyotembea, hilo halishangazi. Kasoro huanza mapema, mama hana dalili hata moja. Chembe za kondo zinashindwa kuipanua mishipa ya mji wa mimba inavyotakiwa, kondo linabaki na njaa ya damu, na baadaye linamwaga kwenye damu ya mama protini ziitwazo sFlt-1. Hizo zinainyima mishipa yake vichocheo vinavyoitunza. Ndipo presha inafika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, figo zinavujisha protini, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinashuka. Mengi ya mabonge tunayoyakuta kondoni yamekuja baada ya mishipa kuharibika. Kuyabebesha lawama ni kuyashtaki majivu kwa kuunguza nyumba.

Sasa nifike kwenye kinachonichosha kweli: protini S inayopimwa mtu akiwa mjamzito. Karatasi inakuja hivi: "Protini S huru 34%", mshale mwekundu ukielekea chini, pembeni kiwango cha kawaida cha maabara kinachoanzia 60. Kiwango cha nani? Cha mtu asiye na mimba! Protini S hushuka kwa kila mjamzito, ndivyo mwili unavyojiandaa usimwage damu siku ya kujifungua. Katika miezi mitatu ya kati hatuanzi hata kuitilia shaka mpaka iwe chini ya 30%, na miezi mitatu ya mwisho chini ya 24%. Kwa hiyo huyu wa 34% katika wiki ya 24 hana lolote, ila ameshalala siku kadhaa akiamini ana ugonjwa wa kurithi, dada zake nao wameambiwa wakapime. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huishusha vilevile. Na antithrombini hushuka mtu akiwa kwenye heparini, au figo zikiwa zinavujisha protini, yaani katikati ya preeklampsia yenyewe! Unapima matokeo ya ugonjwa halafu unayaita chanzo. Kama kuna sababu ya kupima, subirini wiki 6 zipite tangu ajifungue, na homoni ziwe zimekoma. Fakta V na prothrombini ni jeni, hizo pimeni siku yoyote. MTHFR, jeni nyingine inayosingiziwa damu nzito, msipime kabisa. Naomba.

Kuna mchanganyo mwingine: ugonjwa wa kingamwili za antifosfolipidi, ambapo kinga ya mwili inageuka kuushambulia mwili wenyewe. Huo unagandisha damu, na unahusiana kweli na preeklampsia ya mapema, lakini HAURITHIWI kama hayo mengine, mtu anaupata maishani. Kipimo kikiwa chanya kinarudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, na ukithibitika tunampa aspirini pamoja na heparini. Aliyepata preeklampsia kali kabla ya wiki ya 34 namtafutia huo.

Na hizo sindano? Mwaka 2014 jaribio la TIPPS lilichukua wanawake 292 wenye magonjwa ya kuganda damu, wengi wao ya kurithi, nusu wakadungwa dalteparini, aina ya heparini, mimba nzima. Matatizo ya mimba na ya kuganda damu yalikuwa 17.1% kwa waliodungwa, 18.9% kwa wasiodungwa, tofauti isiyo na maana. Wakati huohuo tumbo limejaa michubuko, na siku ya uchungu mtaalamu wa usingizi anauliza sindano ya mwisho ilikuwa saa ngapi, maana hachomi sindano ya ganzi mgongoni mpaka saa 12 zipite. Aspirini, kidonge ambacho hakuna anayekiombea rufaa, mwaka 2017 ilipunguza preeklampsia ya kabla ya wiki 37 kutoka 4.3% hadi 1.6% kwa wanawake wenye hatari kubwa: miligramu 150 usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14. Aliyeletwa kwangu wiki ya 22 akisubiri majibu ya protini S ameshapitwa na muda mzuri wa kuanza.

Sitadanganya kwamba kila kitu kimefungwa. Waholanzi walichapisha jaribio la FRUIT mwaka 2012: wanawake 139 wenye ugonjwa wa kurithi waliowahi kujifungua mapema wakiwa na presha au mtoto aliyedumaa tumboni. Waliopewa heparini juu ya aspirini hawakupata hata mmoja aliyerudiwa na presha kabla ya wiki ya 34, wenzao walikuwa 8.7%. Kurudi kwa presha kwa jumla hakukupungua. Wanawake wachache, lakini siwezi kujifanya sikuiona. Wenye upungufu wa antithrombini, au waliorithi fakta V Leiden kwa baba na mama, ni adimu mno kujibiwa na jaribio lolote. Hao tunakaa chini tukaamua mmoja mmoja, na madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana.

Halafu huyohuyo niliyemkatalia heparini kliniki, akipata preeklampsia na kufanyiwa upasuaji, huenda nikamwandikia mwenyewe wodini, kwa sababu preeklampsia nayo inaongeza hatari ya kuganda damu baada ya kujifungua. Atanitazama kwa jicho baya. Nitamweleza kwamba ni kwa ajili ya miguu na mapafu yake, si ya presha.