Yoshiki hakuanzia kwenye makelele
Kila ninapomtaja Yoshiki, mpiga dramu na kiongozi wa bendi ya roki ya Kijapani, X Japan, kuwa shujaa wangu, huambiwa kwamba ni mtu wa makelele aliyejipachika kwenye piano ukubwani ili aheshimiwe. Ukweli ni kinyume chake. Yoshiki, mzaliwa wa Tateyama katika mkoa wa Chiba, alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka 4. Roki na dramu zilifuata baada ya kifo cha baba yake, yeye akiwa na miaka 10 tu. Nywele zake zilizosimama wima miaka ya 1980 (nakiri ndizo zilizonivuta kwanza) zilimficha mtunzi anayeandika muziki wake kwa nota. Katika “Art of Life” ya mwaka 1993, wimbo mmoja wenye dakika 29, magitaa na dramu hunyamaza katikati, ikabaki piano kwa dakika kadhaa, melodia ileile ikirudiwa huku sauti nyingine zikiivuruga kwa makusudi. Mwaka 1999 alipiga piano pamoja na okestra mbele ya Mfalme Akihito wa Japani, katika maadhimisho ya miaka 10 ya utawala wake.